Mfarishi wa Futi Nane, Ukumbi wa Futi Tano

Rahaleo, Lindi
14 Septemba

Kwako shoga yangu Somoe,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na watoto, kama sisi tulivyo wazima huku, ukiacha kidole changu cha shahada ambacho sababu yake utaiona hapo chini. Tangu Idi sijakuandikia, na ninajua umekwisha kunisema kwa Bi Asumini. Sina udhuru ila kazi moja, na kazi hiyo hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu leo, kwa kuwa imefika mahali ambapo mikono miwili haitoshi.

Unakumbuka nilivyoahidi kwamba Zuhura akiolewa nitamshonea mfarishi. Watu wa hapa wamenicheka wakiuliza ni nani anayejifunika mfarishi katika joto la Lindi, nami nimewajibu kwamba bwana harusi ni mtu wa Njombe, na anayebisha aende akalale huko mwezi wa Julai kwa shuka moja. Viraka vyote nimekwisha kuviunganisha, vitenge pamoja na mabaki ya khanga kutoka kwa yule fundi wako, na umetoka futi nane kila upande, maana kitanda chao ni sita kwa sita na nilitaka uning'inie pembeni. Katikati ninaweka blanketi jembamba la pamba badala ya sufi, kwa sababu sufi usipoibana kwa mishono ya karibu karibu hukimbia na kufanya madonge. Chini ni amerikani iliyozidi kiganja kizima kila upande, nami nimeifua mara mbili ili isije ikarudi baadaye na kuuvuta mfarishi wote.

Kilichobaki ni kupiga bandi, yaani kuzishikiza tabaka pamoja kwa mishono mirefu ya muda, na hapo ndipo ninapotaabika. Tabaka tatu zisiposhikizwa vizuri, la chini hujikunja bila wewe kuona, ukija kugeuza unakuta makunyanzi yamekwisha kushonewa humo humo. Bandi yenyewe si ngumu. Kigumu ni kupata mahali pa kuulaza mfarishi ukanyooka wote kwa pamoja. Sebuleni makochi hayana pa kwenda. Uani nilijaribu siku moja, kusi ikaninyang'anya tabaka la juu na kulivisha banda la kuku. Nikawaza kutumia pini za nepi, moja kila upana wa kiganja, lakini nilipopiga hesabu niliona zinahitajika karibu 600, nami ninazo 84, tena nyingine zimeshika kutu, na kutu ikiingia kwenye amerikani haitoki.

Ndipo nikamwomba mama mkwe chumba chake, nikautandika mfarishi juu ya mkeka wake wa ukindu, ule wa rangi aliotoka nao kwao. Nilifanya kila kitu kama inavyotakiwa: nilianzia katikati nikielekea pembeni, nikitumia uzi mweupe kwa sababu uzi wa rangi huacha alama, mshono mmoja urefu wa kidole. Saa nne usiku nikasimama ili niukunje, na mkeka ukasimama nao. Somoe, nilikuwa nimeushona mkeka, si mahali pamoja, bali mistari saba. Mama mkwe hakusema neno. Alileta mkasi, akaketi kitandani akinitazama nikifumua mpaka usiku wa manane, na hicho kidole ndicho kilichoumia humo. Tangu siku hiyo kila mgeni akikaribishwa huambiwa atazame anapokaa, asije akashonwa.

Sasa nimepata njia nyingine, ambayo haihitaji sakafu kabisa. Nilitaka kwanza kutumia mifumbati ya kile kitanda cha zamani, lakini ni mifupi kuliko mfarishi, kwa hiyo nimenunua mianzi miwili ya futi tisa, nikaipiga msasa kwenye vifundo ili isinase uzi. Tabaka la juu ninalizungushia mwanzi mmoja, amerikani ninaizungushia wa pili, na blanketi linakaa katikati likiwa limekunjwa. Meza ya chakula na meza ya cherehani nimezipanga moja baada ya nyingine ukumbini, kwa urefu wa ukumbi. Ninafungua kiasi cha upana wa meza, ninalainisha kwa viganja kutoka katikati ya ukanda kwenda kwenye ncha, ninapiga bandi, kisha ninasogeza na kufungua tena. Ukumbi una futi tano tu, kwa hiyo anayetaka kwenda chooni hupita ubavu, na mama mkwe, ambaye mkeka wake sasa umekunjwa na kutundikwa juu ya kabati kana kwamba mimi ni mwizi, hupita akiguna.

Ukanda wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili ulienda upande, kwa kuwa mianzi inatakiwa ifunguliwe ncha zote mbili kwa pamoja, na mimi nikishika huku, kule kunalegea. Mume wangu alishika mara moja, akapokea simu, akauachia.

Je, unaweza kuja kutoka Mikindani kwa siku mbili, kabla korosho hazijaanza kuokotwa ukakosa nafasi? Shemeji atakuruhusu, au nimpigie mimi? Ile subana yako ya shaba bado unayo, na unaweza kuja nayo? Wewe ule mfarishi wa mwanao wa kwanza uliupigia bandi wapi, mbona sikumbuki kuona umetandikwa popote? Na mkeka wa ukindu wa rangi huko kwenu siku hizi unauzwa kiasi gani?

Ni mimi shoga yako,
Mwanahawa