Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Breki Kabla ya Tabo

Ndugu wanachama wa chama chetu cha magari,

Kabla sijasoma lolote, naomba mtazame mitungi miwili ya kioo iliyo mezani karibu na katibu. Wa kushoto una mafuta mapya ya breki, maangavu kama maji yaliyotiwa asali kidogo. Wa kulia una kitu chenye rangi ya strungi iliyokaa jikoni tangu asubuhi. Hayo ya pili yalitoka kwenye gari langu mwezi wa Februari.

Gari lenyewe mnalijua, ile Subaru Impreza WRX ya buluu. Miaka mitatu nimekuwa nikiliegesha mbele yenu na kufungua boneti ili muone tabo inayosukuma hewa zaidi kwenye injini, intakula kubwa ya kupoza hewa hiyo na bomba jipya la egzosi. Tulipokuwa tukishuka kwenda Naivasha kwa njia ya chini, nilikuwa wa tatu kwenye msafara. Karibu na lile kanisa dogo la Mai Mahiu lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, lori lililokuwa mbele likapunguza mwendo. Nikakanyaga breki na pedali ikazama hadi sakafuni. Nikarudi gia ya tatu, kisha ya pili, nikivuta hendibreki kidogokidogo, mpaka gari likasimama kwenye changarawe. Mke wangu alikuwa kiti cha pembeni. Hatukusemezana hadi tulipofika mjini Mai Mahiu.

Kilichotokea hakina uchawi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hata yakiwa ndani ya mfumo uliofungwa, kwa kuwa mipira ya hosi hupitisha unyevu polepole. DOT 4, aina ya mafuta ya breki tunayoitumia, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu joto la diski hupenya pedi likaingia kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi, mafuta yakachemka na kutoa mvuke. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke hubanwa, kwa hiyo mguu husukuma na magurudumu hayapati habari. Wiki moja kabla ya safari gari lilifanyiwa sevisi kwenye gereji moja hapa mjini. Fundi aliongeza mafuta mapya juu ya yale ya zamani. Mimi sikuuliza, wala sikufungua kifuniko nitazame rangi. Nilijua shinikizo la tabo yangu kwa desimali, na sikujua umri wa mafuta ya breki.

Tangu siku hiyo kamati imekubaliana jambo moja nami nalitetea mbele yenu: hakuna gari litakaloongezewa nguvu kwenye siku zetu za gereji, tunapokutana kutengeneza magari yetu wenyewe, kabla breki, mipira ya hosi na mikanda ya injini yake haijakaguliwa na mwenyewe, kwa mikono yake, sisi wengine tukitazama. Najua wapo wanaoona tumegeuka chama cha wazee. Nitajibu hilo mbele kidogo.

Siku za gereji zimefanyika kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, isipokuwa Aprili mvua ilipotuzidi. Machi na Mei tulifanya breki pekee. Kutoa mafuta ya zamani na hewa ni kazi ya watu wawili: mmoja chini kwenye nipeli ya kalipa, yaani skrubu ya kutolea mafuta, na mpira wake mwembamba, mwingine kwenye pedali. Kanyaga, shikilia, aliye chini afungue kisha afunge, ndipo uachie. Ukiachia kabla nipeli haijafungwa, umevuta hewa na unaanza upya. Mpangilio wa magurudumu ufuate kitabu cha gari lako, usiige wa jirani. Kikopo cha juu cha mafuta ya breki kisikauke hata mara moja. Na mafuta haya hula rangi. Yakidondoka kwenye bodi, mwaga maji hapo hapo.

Hapa niseme pia kuhusu jeki. Mwezi wa Machi nilimkuta kijana wetu mmoja chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Nilimtoa kwa sauti ambayo baadaye nilimwomba radhi, ila agizo lenyewe silirudishi nyuma. Jeki ni ya kuinulia. Gari hukaa juu ya stendi, nalo husukumwa kwa mkono kabla mtu hajaingia chini.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Julai, tulipobadilisha belti ya taimingi, ule mkanda unaozungusha kamshafti zinazofungua vali, kwenye injini ya Subaru EJ20 yenye kamshafti nne. Wenye Subaru wanajua kwamba injini hii haisamehi: belti ikikatika, vali hukutana na pistoni, na kilichobaki ni kutafuta injini nyingine. Umri wa belti ni takriban kilomita 100,000, lakini magari yetu yamefika kutoka Japani yakiwa yameshatembea, na odometa nyingine zimerudishwa nyuma. Ukinunua gari leo na muuzaji hana karatasi ya belti, hesabu kwamba haijawahi kubadilishwa. Badilisha na puli zake na tenshena inayoikaza pia, kwa maana puli iliyokwama huitafuna belti mpya siku chache tu.

Mambo mawili yalitufundisha siku ile. Kamshafti za upande wa kushoto hukaa zikisukumwa na springi za vali, kwa hiyo belti ikitoka kamshafti hizo huruka ghafla, na vali zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe. Zishikilie kwa spana. Pili, tenshena ya mafuta hairudishwi kwa nguvu. Isimamishwe wima kwenye jiliwa, ibanwe taratibu kwa dakika kadhaa, ndipo pini iingie. Mama mmoja mwanachama wetu ndiye aliyeibana, huku wanaume watatu wakimhimiza aharakishe. Hakuwasikiliza, na injini iliwaka mara ya kwanza.

Sasa kwa wale wenye kiu ya nguvu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza hapa karibu moja ya tano ya nguvu zake. Ndiyo maana wenye Mazda MX-5 walioteremka nasi Mombasa walisema magari yamefufuka. Hayakuwa na ugonjwa. Tabo hufidia upungufu huo, lakini kwa kuzunguka kasi zaidi na kupasha hewa joto zaidi. Tukiongeza shinikizo juu ya hapo tunaikamua mara mbili. Tena kompyuta ya WRX ya soko la Japani ilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo vituo vingi kule huiuza ikiwa na oktani 100, kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kubanwa bila kulipuka mapema. Petroli ya pampu zetu haifiki hapo. Matokeo ni mlipuko kabla ya wakati ndani ya silinda, na kuta nyembamba kati ya ringi za pistoni huvunjika. Tumeona pistoni za namna hiyo mara mbili mwaka huu. Sipingi tabo, nami sijaitoa yangu. Nasema kompyuta ipangwe upya kwa petroli tunayoinunua hapa.

Kwa upande wa magari ya zamani, ile Datsun 240Z ya mwenzetu sasa inatembea. Hii ndiyo aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, kwa hiyo mtaelewa kwa nini tulipiga makofi ilipotoka getini. Sakafu ililiwa na kutu na ikachomelewa upya. Kabureta zake mbili zilikuwa zikitoa moshi mweusi kwa sababu hewa yetu nyepesi huacha petroli ikizidi. Zilirekebishwa kwa saa mbili na bisibisi, na plagi zikatoka na rangi ya kahawia inayotakiwa.

Sasa jibu langu kwa wanaosema tumegeuka chama cha wazee. Sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8. Impreza na MX-5 za miaka ya 1990 zilizobaki hapa Kenya haziongezeki. Kila moja tunayoiua kwa belti ya shilingi elfu chache imeondoka, na vijana wanaojiunga nasi watakuja kuziona kwenye picha tu.

Mawili ya haraka. Anayebadilisha injini au rangi ahakikishe rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zimebadilishwa pia. Wawili kati yetu walisumbuka barabarani kwa hilo. Na jirani wa uwanja tunaokutania amelalamika kuhusu egzosi za alfajiri. Ana haki, na nimemwahidi kwamba hakuna atakayewasha gari la namna hiyo kabla ya saa tatu asubuhi.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Fedha nyingi zilienda kwenye spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza nati, na stendi nane, na sijutii shilingi hata moja.

Kwenye sanduku karibu na mlango kuna chupa za DOT 4 zilizofungwa. Mkitoka, kila mwenye gari achukue moja na aandike kwa katibu tarehe atakayoitumia. Asiye na wa kumkanyagia pedali anipigie simu, nitakuja.