Sikuwa Nimekukasirikia

Mwanangu,

Jana jioni nilikusikia ukimwambia mdogo wako, "Usigonge, mama anaumwa kichwa." Ulinong'ona, kisha mkaondoka mkinyata. Jana kichwa hakikuniuma. Nilikuwa nimejilaza tu, natazama dari. Lakini sikuwaita, nikabaki kimya mpaka nyayo zenu zikapotea, na hilo limenikosesha usingizi. Ndiyo maana nakuandikia.

Umekulia katika kunyata. Una miaka 13, na nusu ya umri wako umeupitisha ukipima sura yangu kabla ya kuniambia lolote. Kila asubuhi unaniuliza kama kinauma, nami kila asubuhi nimekujibu "hapana, niko sawa" huku nikishikilia ukingo wa meza. Ulijua nadanganya. Basi ukaona afadhali usiniulize mambo yako mengine pia.

Maumivu yale yalianzia kisogoni, upande wa kulia, pale fuvu linapokutana na shingo. Yalipanda juu ya sikio yakatua nyuma ya jicho. Nikigeuka ghafla, yanaamka. Nikiinamia daftari lako kukuelekeza hesabu, yanaamka. Nilipokuwa nakwambia "fanya mwenyewe," ulidhani nimechoshwa nawe. Sikuwa nimekukasirikia, mwanangu. Na ile siku nilipokufokea kwa sababu ya mfuniko ulioanguka, kosa halikuwa lako. Sauti ile iliniingia kichwani kama msumari. Nilipaswa kukuomba radhi siku ileile. Nakuomba leo.

Daktari wa kwanza alisema ni kipandauso. Mwingine akasema ni mawazo, nipumzike. Miaka ilipita kabla hajapatikana mtu wa kuniminya shingo kwa vidole na kuuliza, "Hapa je?" Nililia, kwa uchungu na kwa nafuu ya kuaminiwa. Alinieleza kwamba neva tatu za juu za shingo hufikia kituo kimoja, chini ya ubongo, na neva inayoleta hisia za uso. Taarifa zikishachanganyika pale, ubongo hauwezi kujua zimetoka wapi. Ugonjwa uko shingoni, jicho ndilo linalolia.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo nililifanya kwa mikono yangu. Vidonge. Ulikuwa unaviona kwenye mkoba wangu, kwenye droo, chini ya mto. Sikujua kwamba dawa za kawaida za kutuliza maumivu, mtu mwenye kichwa cha namna hii akizimeza siku 15 au zaidi kila mwezi kwa zaidi ya miezi 3, zenyewe zinaweza kuleta maumivu ya kichwa. Zile zenye mchanganyiko wa dawa, siku 10 tu zinatosha. Daktari alinisimamia nikaziacha. Zile wiki mbili ulizokuwa unanikuta nimekaa sakafuni bafuni, taa imezimwa, ndizo zilikuwa wiki za kuziacha. Uliniletea maji ukayaweka mlangoni bila kusema neno. Sijasahau.

Sasa kuhusu upasuaji. Najua ulidhani ni wa kichwa, kwa sababu sisi wakubwa tulizungumza juu yako badala ya kuzungumza nawe. Unakumbuka asubuhi niliyoshindwa kukufunga kifungo cha shati? Ulinitoa mkono taratibu, ukafunga mwenyewe. Nilikuwa nimeshindwa kweli, vidole havikunitii. Siku zile nilianza pia kuyumba nikishuka ngazi. Shingo ina pingili 7, na kati ya ya 5 na ya 6 diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, ilikuwa imetokeza nyuma, ikibana ule mshipa mkuu wa neva ndani ya uti wa mgongo, unaopeleka amri mikononi na miguuni. Daktari wa upasuaji aliniambia waziwazi: anapasua ili mikono na miguu isizidi kuharibika, na kuhusu kichwa hawezi kuniahidi.

Walipitia mbele ya shingo, wakasogeza koo pembeni, wakaitoa diski, wakaweka kipande cha kujaza nafasi na bamba dogo lenye skrubu. Ndiyo maana nilirudi na sauti ya kukwaruza na nikawa napaliwa hata na maji. Ulinikimbia siku ile, ukajifungia chumbani. Nilikuelewa. Mama aliyetoka na sauti yake amerudi na ya mtu mwingine, na kola ya kushikilia shingo juu yake.

Sauti imerudi. Kola nimeivua. Mifupa bado inaungana, na kazi hiyo huchukua miezi, pengine mwaka mzima, kwa hiyo sibebi kizito, hata mdogo wako akinyoosha mikono nimpakate. Hilo linaniuma kuliko kidonda. Shingo bado inageuka, maana karibu nusu ya kugeuka hutoka kwenye pingili mbili za juu kabisa, nazo hazikuguswa. Na juzi nilifunga vifungo vyote vya blauzi yangu, cha juu mpaka cha chini, nikakaa kitandani nikavifungua nikavifunga tena.

Kichwa hakijaisha. Zamani kilikuwa kila siku. Mwezi uliopita nilihesabu siku 9. Pengine kitapungua zaidi, pengine kitabaki hapo.

Kwa hiyo kuanzia kesho ukiniuliza, nitakujibu kwa namba, sifuri mpaka kumi. Nikisema mbili, pigeni kelele zenu. Nikisema saba, nipeni saa moja ya giza, kisha mrudi. Lakini ukiniona miguu inalegea, au mkono umekufa ganzi ghafla, au shingo imevimba na pumzi inanikatika, usinyate. Gonga, piga kelele, mwite mtu mzima hapohapo, hata kama nimesema nataka kulala.

Leo ni mbili. Mlango nimeuacha wazi, na lile daftari la hesabu lilete. Nimeweka kiti cha pili na nimeinua meza kwa vitabu ili nisiiname.

Mama yako