Barua kwa sahibu yangu kuhusu mzinga wa Königsberg

Dar es Salaam

Sahibu yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani kwako hapo Mombasa, nikitumaini kwamba mu wazima wa afya kama nilivyo mimi na jamaa zangu. Ama baada ya salamu, barua yako imenifikia na nimeisoma kwa furaha, hasa pale unaposema kwamba umekusudia kutengeneza mfano mdogo wa mzinga mmoja wa manowari ya Kijerumani Königsberg kwa ajili ya mchezo wetu wa mezani wa vinyago, wa mapigano ya Kondoa Irangi ya Mei 1916 kati ya Wajerumani na Waingereza. Umeniuliza mambo mawili, yaani vipimo na rangi, nami nitakujibu yote mawili. Lakini utaona kwamba nimekaa zaidi kwenye jambo la tatu ambalo hukuniuliza, nalo ni watu wa kuuvuta.

Tundu la mtutu wa mzinga ule lilikuwa na kipenyo cha milimita 105, na urefu wa mtutu ni mara 40 ya kipenyo hicho, yaani mita 4.2. Kwa kuwa vinyago vyetu vya askari ni vya kimo cha milimita 28, ambavyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa sehemu moja ya 56 ya mtu halisi, mtutu wako utakuwa na urefu wa milimita 75, na tundu lake halitafika milimita 2. Ungekuwa unachezea askari wadogo wa milimita 15, mtutu ungepungua hadi milimita 42 hivi, na hapo kazi ya kuonyesha kifungio na magurudumu ingekuwa ya kuumiza macho bure. Baki na hao wa milimita 28.

Habari za meli yenyewe unazijua kunishinda: jinsi ilivyoizamisha manowari ya Kiingereza HMS Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha katika delta ya Rufiji, na ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915 na manowari za Kiingereza Severn na Mersey. Kinachotuhusu sisi mafundi wa vitu vidogo ni kwamba mizinga yake yote 10 iliopolewa, ikaletwa huku Dar es Salaam, na karakana za hapa zikaitengenezea magari ya kukokotwa nchi kavu. Mzinga uliobuniwa kusimama juu ya sitaha, ukigeuka kwenye nguzo yake, ulipandishwa juu ya gari la magurudumu lililoundwa kwa chuma na mbao zilizopatikana. Kwa hiyo usitafute umaridadi wa mizinga ya uwanjani iliyotoka kiwandani ikiwa kitu kimoja. Mtutu wako na uwe laini na ulionyooka, kazi ya kiwanda cha Krupp cha Ujerumani; gari lake liwe zito, lenye mbao nene, ribiti kubwa (zile pini za kuunganishia chuma) na mabamba ya chuma yaliyoongezwa baadaye. Tofauti hiyo ikionekana waziwazi, mtazamaji ataelewa kisa chote kabla hujafungua mdomo.

Kwa mtutu, tafuta vipande viwili vya bomba la shaba, kimoja kiingie ndani ya kingine bila kulegea, kisha uzungushie karatasi nyembamba yenye gundi kwenye nusu ya nyuma na uisugue kwa msasa laini hadi kiungo kisionekane tena. Kitakoni usiweke duara. Mizinga hii ilifungwa kwa bonge la chuma lililoteleza kwa ubavu, na kwa sababu hiyo nyuma yake ni mraba kama tofali, ilhali mizinga ya inchi 4 ya Pegasus, ambayo Waingereza nao waliiopoa na kuitia magurudumu, ilifungwa kwa kizibo cha parafujo cha kuzungusha. Mchezaji anayeijua mizinga hutazama hapo kwanza, na hakuna rangi itakayoficha kitako kisicho chake. Maganda ya risasi yalikuwa ya shaba nyeupe, tena yanatoka mazima baada ya kupigwa, kwa hiyo waya wa unene wa milimita 2 utakupa maganda ya kutawanya chini bila kuchonga chochote. Yaweke machache. Pwani yote ilikuwa imezuiwa na manowari za Kiingereza, zikapenya meli mbili tu za kuwaletea Wajerumani msaada, ya pili ikiwa Marie iliyotia nanga Ghuba ya Sudi, karibu na Lindi, mwezi Machi 1916. Jeshi la namna hiyo halipigi mizinga ovyo, na lundo la maganda miguuni pa wapigaji litakuwa uongo.

Rangi ni jambo jepesi kuliko watu wanavyolifanya. Anza na rangi nyeusi ya msingi, kisha kijivu cha manowari kwenye mtutu, na kahawia iliyochanganywa na kijivu kwenye mbao za gari. Ukimaliza, miminia kahawia nyembamba iliyozimuliwa kwa maji ili ikae kwenye mianya na kuzunguka ribiti, na ikishakauka pitisha juu yake brashi kavu yenye kijivu hafifu kwenye kingo tu. Vumbi jekundu lianze chini ya magurudumu na lipungue kadiri unavyopanda. Mimi husaga kipande cha tofali la kuchoma na kukishikiza kwa vanishi isiyong'aa. Kutu iwe kidogo mno. Kuna tabia imeingia kwa wapaka rangi wengi ya kutia kutu kila chuma wanachokiona, na binafsi siivumilii: mzinga ambao hauna mbadala hupakwa mafuta na kufutwa kila siku na watu ambao maisha yao yanautegemea.

Sasa nifike kwenye lile la tatu. Mzinga huu ungeweza kurusha kombora zaidi ya kilomita 12. Ukizigawa kwa 56 unapata zaidi ya mita 200, maana yake ni kwamba mzinga wako mezani kwangu ungekuwa unampiga adui aliyekaa mitaa miwili kutoka hapa. Ndiyo sababu kanuni nyingi za michezo huuweka nje ya meza kabisa na kuuachia mchezaji kurusha dadu tu. Ikiwa kazi yake ni kupiga, basi hatuna haja ya kuutengeneza. Lakini shida kubwa ya mizinga ile ilikuwa kuhama, na kuhama kunaonekana mezani vizuri sana. Mbung'o waliwamaliza farasi, nyumbu na ng'ombe wa majeshi yote mawili kwa maelfu, na masika ya 1916 yaligeuza barabara za Kondoa kuwa tope, hivyo chuma kile cha tani na zaidi kilikwenda kwa mabega ya wapagazi, mamia yao kwa mzinga mmoja, wakivuta kamba mlimani na kuishikilia mteremkoni. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote walikufa katika vita ile, wengi kwa maradhi na njaa, na bado ukitazama seti za vinyago zinazouzwa utakuta maofisa watano kwa kila mpagazi mmoja.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba mzinga wako ukae kwenye kibao kirefu, na mbele yake uwe na vibao vinne vya wavutaji, watu watatu watatu, vinavyoweza kuondolewa kimoja kimoja. Wavutaji itakubidi uwaunde mwenyewe: chukua vinyago vya wapagazi wenye mizigo kichwani, kata mikono na mzigo, inamisha kiwiliwili mbele, kisha unda mikono mipya kwa waya na udongo wa gundi, ule wa sehemu mbili unaoganda ukichanganywa. Kamba ni uzi wa katani uliopakwa nta, na lazima ukaze. Kamba iliyolegea huku watu wameinama inachekesha. Katika kanuni, mzinga wenye vibao vyote vinne uende sentimita 12 barabarani na nusu yake porini, na kila kibao kinachoondoka kwa risasi, homa au utoro kipunguze sentimita 3. Vikibaki viwili, usipande mlima. Mpinzani wako atajifunza haraka kwamba haina maana kuufyatulia risasi mtutu.

Katika kuwapaka rangi watu hawa nakusihi uwe na subira kuliko kwenye mzinga. Maelekezo mengi yanayozunguka yameandikwa kwa ngozi za Kizungu, na yakifika kwetu yanasema tu weka kahawia moja, basi. Matokeo yake ni kikosi cha mapacha. Anza na kahawia iliyoiva sana yenye chembe ya bluu kwenye vivuli, usianze na nyeusi, kisha inua mashavu, pua, mabega na vifundo vya vidole kwa kahawia yenye wekundu, na kwa kila mtu badilisha mchanganyiko kidogo, kwani waliovuta kamba zile walitoka makabila mengi na hata ndugu wa tumbo moja hawalingani rangi. Mabaharia wa Kijerumani kwenye mzinga wapake kaki iliyofifia isiyofanana baina ya mtu na mtu, na askari wape tarbushi zilizofunikwa kitambaa cha kaki.

Ukiona kazi ni nyingi, kuna njia ya mkato yenye ushahidi wa historia. Mmoja wa mizinga hii ulifungwa kwenye meli Goetzen, hii tunayoiita leo Liemba, katika Ziwa Tanganyika. Ulipohitajika kwingine, mahali pake pakawekwa mzinga bandia wa mbao. Unaweza kupaka kijiti rangi ya kijivu na hakuna atakayekukosoa.

Nina ombi moja. Ukipata nafasi pita Fort Jesus, ambako mzinga wa Königsberg na ule wa Pegasus yote imehifadhiwa, unipigie picha za vitako vyake kutoka nyuma na kutoka ubavuni, na unipimie kipenyo cha nje cha mdomo wa kila mmoja. Huo wa Pegasus nitautengeneza mimi, ili tukikutana mezani niwe na kitu cha kukujibu. Gharama ya shaba na resini tutagawana, na vibao nitakuletea vilivyokatwa tayari.

Wasalimie wote, na mzee mwambie namwamkia shikamoo.

Ni mimi sahibu yako