Zermatt au Grindelwald: barua kwa Dada kuhusu likizo ya Aprili

Bern

Kwa Dada mpenzi,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Mama mfikishie shikamoo yangu. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillah.

Ama baada ya salamu, umeniuliza watoto wakajifunze skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao, wapi huku Uswisi, Zermatt au Grindelwald, na shemeji keshaona kwamba Zermatt ina zaidi ya kilomita 300 za njia za kuteleza. Hizo kilomita ziacheni. Anayeanza hushinda wiki nzima kwenye kipande kifupi cha mteremko, akipanda na kushuka papo hapo. La kutazama ni kiwanja cha kujifunzia kiko mwinuko gani, na mnakuja mwezi gani.

Mngekuja Januari ningewaambia Grindelwald bila kusita. Kijiji kiko mita 1,034 juu ya bahari, treni kutoka stesheni ya Interlaken Ost ni kama dakika 35, na kiwanja cha wanaoanza, Bodmi, kiko ukingoni mwa kijiji, hivyo Mama angewatazama wajukuu zake kwa karibu. Mimi mwenyewe napapenda kuliko Zermatt. Lakini watoto wanafunga shule Aprili, na mwezi huo theluji ya huko chini huwa imeyeyuka au imebaki tope juu ya nyasi. Huko juu ipo bado, ila njia nyingi zinamtaka mtu anayejua tayari kukata kona na kusimama.

Zermatt kijiji chenyewe kiko kama mita 1,600, chini kidogo ya Nairobi, kwa hiyo kulala hapo hakutawasumbua. Wanaoanza hujifunzia Leisee, jirani na kituo cha Sunnegga kilicho mita 2,288, na treni ipitayo ndani ya mlima huwafikisha huko kwa dakika chache. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila ukipanda mita 1,000, ndiyo maana Leisee kuna theluji wakati Bodmi ng'ombe wanakaribia kurudi malishoni. Hapo pana mkanda unaotembea: mtoto anasimama juu yake na mbao zake miguuni, unampandisha taratibu. Msinunue pasi ya mlima mzima, ombeni ya wanaoanza. Na njooni mwanzo wa likizo, si mwisho, kwa sababu kadiri Aprili inavyosonga lifti za chini hufungwa moja baada ya nyingine.

Theluji ya Aprili ina saa zake. Usiku huganda, asubuhi na mapema ni ngumu kama sakafu, kuanzia saa nne hulainika vizuri, na kufikia saa nane mchana imekuwa uji mzito unaoshika mbao na kupinda goti. Somo liwe kati ya saa nne na saa sita, kisha watoto wapumzike. Jua nalo ni kali mno, maana theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale yake usoni. Kila mtu apake mafuta ya kukinga jua, hata sisi weusi, mpaka chini ya kidevu na ndani ya pua, na miwani isivuliwe.

Vifaa mtakodi kule kule. Viatu ndivyo vinavyoharibu likizo ya wengi. Vaeni soksi moja tu, ndefu, nyembamba, ya sufu. Najua watu wa Mombasa mtataka tatu, lakini zikijazana hubana damu, na vidole hupoa zaidi. Mguu ukishaingia, gonga kisigino chini ili kirudi nyuma kabisa, funga klipu kwa ulegevu, sukuma goti mbele, ndipo ukaze. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti virudi nyuma. Visiporudi, omba namba nyingine, usione haya. Suruali isiingie ndani ya buti.

Fundi atawauliza uzito, urefu, umri na kama mmewahi kuteleza. Semeni kweli. Kwa hayo, pamoja na urefu wa soli, ndipo anaporekebisha kifungio kinachoshika buti kwenye ubao. Kikikazwa kupita kiasi hakiachii ukianguka, na goti ndilo linaloumia. Kikilegea, ubao unachomoka ungali unateremka.

Mama asipelekwe kituo cha juu kabisa, Matterhorn Glacier Paradise. Ni mita 3,883, na kutoka kijijini gari la kamba linakufikisha muda si mrefu. Kichwa kinauma, pumzi inakata, na yeye ana presha. Apande treni ya Gornergrat ashuke Riffelberg, mita 2,582. Mlima Matterhorn atauona vizuri akiwa ameketi.

Chakula: kodini nyumba yenye jiko, maduka ya Coop na Migros yapo. Fondue, jibini la kuyeyushwa, hupikwa kwa divai nyeupe, na mara nyingi huongezwa pombe ya cheri, kwa hiyo hata ile ya jibini tupu si halali. Rösti nayo, viazi vya kukaanga, ulizeni kama ina nyama ya nguruwe.

Kutoka uwanja wa ndege wa Zürich mtashuka Visp na kubadili treni. Zermatt hayaingii magari ya petroli. Acheni siku moja kati ya kuondoka Zermatt na ndege yenu: tarehe 17 Aprili 2025 theluji nzito ilifunga reli na barabara, na kijiji kikakatika na nje.

Ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Bima ya viza ni angalau yuro 30,000, lakini someni maandishi madogo: nyingi haziingizi michezo ya theluji wala helikopta ya kumtoa majeruhi mlimani. Lipieni nyongeza hiyo.

Niletee vipimo nikaweke nafasi ya vifaa. Kila mmoja asimame jioni, kisigino kikiwa kimegusa ukuta, upime hadi ncha ya kidole kirefu kwa sentimita, maana namba za viatu vya skii ndizo hizo. Uandike na uzito na urefu wa kila mtoto.

Wasalaam,
Mdogo wako