YAH: Malalamiko kuhusu kodi ya majengo mliyonikata bila kuilipa

Morogoro,
14 Julai, 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Usimamizi wa Majengo,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmiliki wa nyumba ya Tabata yenye mita tatu za umeme, ambayo kampuni yako inanikusanyia kodi ya pango. Mkataba mnao na masharti yake mnayajua, sitapoteza karatasi kuyarudia. Naomba barua hii uisome wewe mwenyewe, usiipeleke dirishani, kwa sababu dirishani ndiko nilikotoka.

Katika taarifa ya mapato mnayonitumia kila mwezi, kuanzia Julai 2023 hadi Juni mwaka huu, kuna mstari umeandikwa "Kodi ya majengo, ghorofa: 7,500 x mita 3". Hiyo ni shilingi 22,500 inayotoka kwenye fedha yangu kila mwezi. Kwa miaka miwili ya fedha ni shilingi 540,000.

Nyumba yangu haina ghorofa na haijawahi kuwa nayo. Ni nyumba ya chini, sehemu tatu zimepangana chini ya paa moja la bati la msauzi. Ofisa wenu aliyesaini fomu ya makabidhiano alisimama uani pale akaiona kwa macho yake, na kwenye fomu hiyohiyo akaandika kwa mkono wake "nyumba ya kawaida". Fomu ipo kwenye jalada langu.

Nyumba ya kawaida, tangu viwango vilipopandishwa Julai 2023, inalipiwa 18,000 kwa mwaka, sawa na 1,500 kwa mwezi. Zile 7,500 ni za ghorofa, 90,000 kwa mwaka. Tena kodi hii ni ya jengo, siyo ya mita. Serikali ilipohamishia makusanyo kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, mwaka 2021, sisi wenye nyumba zenye mita zaidi ya moja tulitakiwa kutoa taarifa ili ibaki mita moja tu inayokatwa. Mimi nilitoa taarifa, mita mbili za nyuma zikaondolewa kwenye makato hayo, ikabaki ya upande wa mbele. Nakala ya barua yangu niliwakabidhi mkononi mlipochukua nyumba. Kwa hiyo mnaponikata kwa mita tatu, mnanikata kwa mita mbili ambazo serikali yenyewe haizidai.

Kodi halali ya miaka hiyo miwili ni shilingi 36,000. Na hata hiyo 36,000 hamkuilipa ninyi, wameilipa wapangaji. Mpangaji wa mbele akinunua umeme kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi, mfumo unachukua kwanza 1,500 ya jengo, kinachobaki ndicho kinachogeuzwa uniti. Mkataba wetu unawataka mumrudishie mpangaji fedha hiyo kutoka kwenye mapato yangu, kwa kuwa mwenye deni ni mimi mwenye nyumba. Hamjamrudishia hata senti tano. Nimewauliza wote wawili, aliyehama na aliyepo.

Nilikuja ofisini kwenu mwenyewe na jumbe za LUKU ambazo wapangaji walinitumia kwenye simu, nikazichapisha steshenari na kuzipanga kwa miezi. Kijana wa dirishani hakuniamkia. Alizitazama karatasi bila kuzishika, akazirudisha upande wangu kwa ncha ya kalamu, akageuza kioo cha kompyuta nisione, kisha akasema, watu wakisikia: "Bibi, haya mambo ni ya mfumo, wewe hutayaelewa. Kamlete kijana wako wa kiume." Akaita anayefuata.

Nitarudi kwenye jambo hilo. Kwanza jibuni hili.

Machi, Aprili na Mei mwaka jana upande wa mbele haukuwa na mtu. Mpangaji wa kwanza alihama mwisho wa Februari, na mnalijua kwa sababu taarifa zenu za miezi hiyo zinaonyesha sifuri kwenye pango la upande ule. Hakuna aliyenunua umeme kwenye mita ile. Pamoja na hivyo, taarifa hizohizo zina mstari uleule wa kodi ya majengo, na pembeni mmeandika "imelipwa". Juni akaingia mpangaji mpya, akanunua umeme wa shilingi 10,000, akapata uniti kumi na moja na kidogo. Shilingi 6,000 zilikuwa zimekwenda kwenye kodi ya majengo: deni la miezi mitatu na mwezi wenyewe wa Juni. Alinipigia usiku akidhani mita ni mbovu, mtoto wake ana homa na nyumba inaingia giza. Alikuwa ameanza kwenu, nanyi mkamwambia, "Muulize mama mwenye nyumba."

Kama mlilipa kodi ya Machi, Aprili na Mei, deni lile lilitoka wapi?

Msinijibu kwamba mlilipa kwa njia nyingine. Fedha ya serikali ikilipwa nje ya LUKU inalipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo na inatoa risiti. Nileteeni risiti. Nimeiomba kwa simu, nimeiomba kwa barua pepe, na siku ile dirishani nilikuwa nimeifuata hiyohiyo. Badala yake msimamizi wa akaunti yangu alinipigia akanisomea somo la msamaha wa wazee, kwamba mtu wa miaka 60 na kuendelea hasamehewi kwa nyumba anayopangisha. Najua. Msamaha ni wa nyumba ya makazi anayoishi mzee mwenyewe, isiyomwingizia kipato, na mimi ninao kwa nyumba yangu ya Morogoro ninayoishi. Kwa nyumba ya Tabata sijawahi kuomba msamaha wa mtu yeyote. Kodi yake nimekuwa nikilipa tangu ilipokuwa 10,000 kwa mwaka, risiti zote ninazo kwenye bahasha moja. Ninachodai ni fedha yangu mliyoichukua kwa jina la kodi.

Sasa nirudi dirishani, kwa sababu kila nikikaa kuandika hesabu hizi jambo lile linanirudia na mkono unasita.

Nilikuwa nimetoka Morogoro na basi la alfajiri. Nilipanga foleni kama wengine, sikuomba kutangulizwa. Zamu yangu ilipofika nilimsalimia mimi, kijana wa umri wa wajukuu zangu, maana yeye shikamoo hakuiona haja. Nilimwekea karatasi mbele, nikamwonyesha kwa kidole mwezi wa Juni, ile 6,000. Nadhani aliiona, na ndiyo maana akageuza kioo. Akasema nimlete kijana wa kiume. Nikamwambia: "Mwanangu, nimefundisha hesabu shule ya msingi mpaka nikastaafu, nisomee tu kilichoandikwa hapo." Akamgeukia mwenzake wa kiti cha pili, wakacheka wote wawili. Alipozisukuma karatasi zangu mbili zilianguka sakafuni, na aliyeinama kuziokota ni mteja mwingine, dada mjamzito aliyekuwa nyuma yangu. Yule dada ndiye aliyeniomba radhi. Mfanyakazi wenu alikuwa ameshasema "Anayefuata."

Mume wa mtu, mwanawe au kaka yake hawamo kwenye mkataba wetu. Niliyesaini ni mimi. Kwa nini niambiwe nilete mwanamume ndipo nisomewe hesabu ya fedha yangu?

Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kudai 540,000 peke yake. Lakini nikiwa napitia taarifa zenu ili nisikosee tarakimu, nimekuta chini kabisa, kwa herufi ndogo, "ada ya kuwasilisha kodi 2,000". Ipo kila mwezi kwa miezi yote 24. Mmenitoza 48,000 kwa kazi ya kupeleka kodi ambayo mita inajikata yenyewe! Kwenye mkataba ada yenu ni asilimia 10 ya pango, hakuna ada nyingine iliyotajwa. Kwa hiyo jumla sasa ni shilingi 588,000.

Ninataka yafuatayo ndani ya siku saba tangu mtakapopokea barua hii. Shilingi 36,000 zirudishwe kwa wapangaji: 12,000 kwa aliyehama, za Julai 2023 hadi Februari 2024, na 24,000 kwa aliyepo, zikiwemo za ile miezi mitatu ambayo hakuishi kwangu. Shilingi 552,000 zinazobaki ziingie kwenye akaunti yangu mnayoijua, kwa mkupuo mmoja. Msinilipe kidogo kidogo kupitia mapato ya miezi ijayo. Taarifa zote za miezi 24 zisahihishwe na zigongwe muhuri, kwa sababu karatasi zinazosema nyumba yangu ni ghorofa sitaki zibaki popote: kesho mtu atazitumia kwenye mauzo au mirathi na watoto wangu wahangaike kukanusha. Na niandikiwe barua ya kuombwa radhi, yenye sahihi ya yule kijana na sahihi yako, inayotaja maneno yaliyosemwa siku ile. Barua ya "tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza" sitaipokea.

Mkataba wetu unanipa haki ya kuuvunja kwa notisi ya mwezi mmoja. Chukueni barua hii kuwa ndiyo notisi. Nilikuwa nimekusudia kusubiri majibu kwanza, ila sioni ninachosubiri. Mwisho wa notisi nataka funguo, mikataba ya wapangaji na amana zao, zote. Kuanzia leo nimewaelekeza wapangaji waniletee mimi moja kwa moja jumbe zao za LUKU.

Zikipita siku saba bila fedha kuingia, nitapeleka jalada hili polisi. Kuchukua fedha ya mtu kwa maelezo kwamba ni ya serikali, kisha kutoipeleka serikalini, kuna jina lake kwenye sheria, na wanasheria wako watakutajia. Nitakwenda pia ofisi ya serikali inayosimamia kodi ya majengo niulize kama kuna shilingi yoyote iliyowahi kulipwa na kampuni yako kwa ajili ya mita zangu tatu. Nitawaomba wanijibu kwa maandishi, na majibu yao nitawapa wenye nyumba wengine mnaowasimamia mtaa ule. Baadhi yao nimeshazungumza nao. Mmoja ana mita tano kwenye nyumba ya chini, na ameanza kutafuta taarifa zake.

Sitakuja tena dirishani. Mwenye kutaka kuzungumza nami anifuate Morogoro, aje na risiti.

Nawasilisha.

Mmiliki wa nyumba, Tabata
(sahihi)

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wapangaji wa nyumba husika, wakili wangu.