Columbus kuizidi Boston? Hapana, mhariri

Ndugu mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu wiki iliyopita, yule aliyepanga miji ya Marekani kwa idadi ya watu ili kuwasaidia vijana wanaokuja kusoma huku, nikaona siwezi kunyamaza maana ile orodha itampoteza mtoto wa mtu. Kasema Columbus ni jiji kubwa kuliko Boston, kasema Jacksonville inaipita San Francisco, halafu Pittsburgh na Cleveland kaziita vimji ambavyo kijana mwenye malengo asipoteze muda navyo. Namba zake sizibishii, sensa ya 2020 kweli iliipa Columbus watu 905,748 na Boston 675,647. Ila mimi nina miaka kumi na moja Ohio, mitano nimekaa Columbus na sita hii Cleveland, na Pittsburgh, jimbo jirani la Pennsylvania, naenda mara kwa mara maana dada yangu kaolewa huko, kwa hiyo naomba nafasi kidogo.

Shida iko kwenye mpaka. Huku wanaohesabiwa kuwa watu wa mji ni wale walio ndani ya mstari wa kisheria tu, na huo mstari kila mji umeuchora kivyake. Columbus miaka ya 1950 ilikuwa na meya anaitwa Sensenbrenner, huyu alijua nguvu ya bomba. Eneo la pembeni likitaka maji ya jiji na mfereji wa majitaka, sawa, lakini kwanza likubali kuingizwa ndani ya jiji. Likaingia hili, likaingia lile, mpaka leo Columbus ina zaidi ya kilomita za mraba 550, yaani unaweza kuiweka Boston humo ndani mara nne na nafasi ikabaki. Jacksonville waliiunganisha na kaunti yake 1968, Indianapolis nao wakafanya hivyohivyo 1970, watu wakaongezeka kwenye makaratasi bila hata mmoja kuhama nyumba. Sasa angalia St. Louis, yenyewe ilijitenga na kaunti yake mwaka 1876 na mpaka ukabaki palepale, mwaka 1950 ilikuwa na watu 856,796 na 2020 imebaki na 301,578. Wengi wao hawakwenda mbali, walivuka tu mstari wakajenga upande wa pili, na ukihesabu na vitongoji unakuta St. Louis ni watu karibu milioni 2.8. Ni sawa na mtu anayelala Kibaha na kufanya kazi Kariakoo, Dar haimhesabu lakini kila asubuhi yumo.

Ukiihesabu miji kwa namna hiyo, pamoja na vitongoji vyake, Columbus, Cleveland, Cincinnati na Pittsburgh zote ziko kwenye milioni mbili na kidogo, na anayeongoza kati ya hizo nne ni huyohuyo Pittsburgh aliyedharauliwa.

Lakini hata hiyo bado ni namba, mimi nataka kusema maisha yenyewe. Nilipofika mara ya kwanza nilitafutiwa apatimenti na dalali, simtaji, akaniapia iko ndani ya jiji la Columbus, na kwa ramani alikuwa hajadanganya. Kumbe iko kando ya haiwei, supamaketi ya karibu mwendo wa dakika arobaini kwa mguu na njia ya waenda kwa miguu hakuna kabisa. Januari ile nilikwenda kununua mchele na maziwa, theluji imesukumwa pembeni ya barabara imekuwa tope jeusi, mi natembea juu ya lile tope na mifuko mkononi, magari yananipita kasi yananirushia maji. Akasimama mama mmoja wa makamo, akashusha kioo, akaniuliza gari lako limeharibikia wapi nikusaidie? Hakuwaza kabisa kwamba mtu anaweza kuwa ametoka tu kwenda dukani kwa miguu. Nilimshukuru, akanifikisha, lakini lile swali nimekaa nalo miaka yote hii.

Sasa nenda kwa dada yangu Pittsburgh, anakaa Squirrel Hill. Unafungua mlango, unashuka mtaa unaitwa Murray Avenue, chini maduka juu watu wanaishi, kuna fundi viatu, duka la mboga, mkate, kinyozi, basi linapita hapohapo. Wazee wanatembea na vitoroli vyao wanasalimiana. Mji wenyewe umebanwa na mito mitatu na vilima, kwa hiyo haukuweza kutawanyika hovyo, una ngazi za umma zaidi ya 700 za kupandia vilima, na zingine kwenye ramani ni mtaa kamili wenye jina lake, ukilifuata jina na gari unafika unakuta ngazi. Kuna na kile kibehewa cha Monongahela kinachovutwa na waya kupanda mlima tangu 1870, watalii wanakipiga picha lakini utakuta humo ndani na watu wanaotoka kazini na chakula chao mkononi. Huo ndo mji, hata kama sensa inauhesabia watu 302,971 tu.

Tuje kwenye umuhimu, maana hapo pia msomaji wenu kakosea. Marekani walipogawa benki 12 za kanda za benki kuu yao mwaka 1914, Ohio ilipewa moja na haikuwekwa Columbus iliyo makao makuu ya jimbo, iliwekwa Cleveland, na mpaka leo iko hapo, matawi yake yako Cincinnati na Pittsburgh. Missouri jimbo moja likapata mbili, St. Louis na Kansas City. Cleveland ndipo Rockefeller alipoanzishia kampuni yake ya mafuta 1870, Pittsburgh ndipo Carnegie alipotajirikia chuma. Mtasema hayo ya kale, haya, chanjo ya polio ya Salk ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, ikatangazwa 1955. Hospitali ya Cleveland Clinic wagonjwa wanaifuata kutoka nchi nyingi, walio na ndugu Ghuba wanaijua na ile yake ya Abu Dhabi. Na Louisville, ambako kuna ndugu zetu wengi Wakongo wanaoongea Kiswahili, vifurushi vya UPS, ile kampuni ya kusafirisha mizigo, vinashushwa na kupangwa uwanja wa ndege usiku kucha, siku uwanja ule ukisimama mtu wa California atajua.

Columbus siichukii, nisieleweke vibaya. Kazi zipo tele, maghala yamejaa, mtu akitaka kubeba boksi wiki ya kwanza tu kashapata, chuo cha Ohio State kina wanafunzi zaidi ya 60,000, Wasomali wamejenga biashara mpaka raha, na mji unakua wakati hii Cleveland yangu imeshuka kutoka watu 914,808 mwaka 1950 mpaka 372,624 mwaka 2020, nyumba zilizoachwa zipo, inauma ukipita. Mwenye gari na familia aende Columbus, nitambebea hata mizigo. Lakini treni ya abiria haijasimama pale tangu 1979, na mwanafunzi anayefika na begi mbili na hajawahi kushika usukani, huyo kumwambia Columbus ni Boston kubwa zaidi ni kumuonea.

Huku Cleveland mwendokasi ya barabara ya Euclid inatoka katikati ya mji inapita Cleveland Clinic na vyuo, imeanza 2008. Na kama kuna kijana ameshapata chuo huku na barua ile imemtisha, asibadilishe. Akitua uwanja wa ndege asikubali kuitiwa teksi, ashuke chini ya jengo lenyewe, treni iko hapo tangu 1968, uwanja wa kwanza nchi hii kuunganishwa na katikati ya mji kwa treni ya namna hiyo. Apande ya Red Line ashukie Tower City, ni nusu saa hivi, na akitoka nje akute watu barabarani aulize njia kwa miguu.

Msomaji wenu,
Cleveland, Ohio