Yah: Muziki niliolipia kwenu umedaiwa hakimiliki na leseni yenu haijanisaidia

Habari zenu watu wa huduma kwa wateja,

Hii ni mara ya nne nawaandikia kwa jambo hilohilo na safari hii naomba isomwe na binadamu, maana zile tatu za mwanzo nilijibiwa ndani ya dakika mbili, jibu lilelile neno kwa neno, eti nikaangalie ukurasa wa maswali yanayoulizwa sana. Nimeshauangalia, nimeusoma wote mpaka chini, swali langu halipo.

Iko hivi. Mimi natengeneza video za kukarabati baiskeli za zamani. Sio kazi yangu, ni kitu nakipenda tu, nafanya usiku na wikendi, sina kamera ya maana, nina simu, stendi na taa moja. Kifurushi chenu cha mwaka cha muziki na klipu za video nilichukua kwa sababu ni cha bei nafuu na pale kwenye maelezo mliandika muziki wote hauna mrabaha, yaani hudaiwi malipo mengine kila ukiutumia, na ni salama kwa YouTube. Hilo neno salama ndo lililonifanya nitoe hela. Muziki wa bure upo mwingi tu huko mtandaoni, shida hujui aliyeupakia kama kweli ni wake, kwa hiyo mimi nilikuwa nalipia kulala usingizi zaidi hata ya kulipia wimbo wenyewe.

Sasa hii video nimeiediti wiki tatu. Baiskeli ilikaa nje miaka, mnyororo umeganda kwa kutu mpaka haukunji, nikaifungua yote kipande kwa kipande. Kuna sehemu karibu na mwisho gurudumu la nyuma linazunguka kwa mara ya kwanza, pale sikuongea kitu, niliacha ile sauti yake tu, tik tik tik tik, halafu gitaa la ule wimbo wenu linaingia taratibu juu yake. Nilisogeza fremu moja moja ili pigo la kwanza la gitaa liangukie palepale mkono wangu unapoachia pedali. Sekunde kumi hizo zilinila masaa mawili ya usiku, kimya na hedifoni masikioni, na zilivyokaa sawa nilisimama kwenye kiti kwa furaha. Nawaambia haya ili mjue mnachouza kinaenda wapi, kwenu ni faili moja kati ya maelfu, kwangu ndo moyo wa video.

Nikapandisha. Hata saa moja haijaisha ikaja barua pepe, video ina dai la Content ID, ule mfumo wa YouTube unaotambua wenyewe kazi iliyosajiliwa na mtu, muziki una mwenyewe, mapato yote yanaenda kwa huyo anayedai. Jina lililotajwa sio lenu na sio la mtunzi niliyemuona kwenye ukurasa wenu. Najua dai sio onyo na chaneli haifungwi kwa dai peke yake. Hela yenyewe pia ni ya kununulia grisi na nyaya za breki. Kinachouma ni kwamba nimelipia, nina risiti, halafu naonekana mwizi wa kazi ya mtu.

Nikapinga dai siku ileile, kwa sababu ukipinga ndani ya siku 5 mapato yanashikiliwa mpaka mgogoro uishe, na anayedai anapewa siku 30 za kujibu. Nikaambatanisha leseni yenu nikijua limeisha hilo. Siku 26 baadaye likarudi jibu, dai limethibitishwa.

Hapo ndo nikakaa chini nikaisoma vizuri ile leseni yenu, na kusema kweli nilisikitika. Ni ukurasa mmoja wa PDF. Pa jina la wimbo kuna namba tu. Pa jina la mtunzi pako wazi. Jina la chaneli yangu halipo kabisa, na tarehe iliyowekwa ni ya siku nilipoanza kifurushi, sio siku niliyodaunlodi wimbo. Mtu akiletewa karatasi hiyo atajuaje inahusu wimbo upi? Hata mimi mwenye nayo siwezi kuthibitisha kwamba namba ile ndo lile gitaa. Na sasa nimebanwa, kwa sababu nikikata rufaa halafu mdai akaamua kuomba video iondolewe na ombi lake likakubaliwa, hapo naingia kwenye onyo la hakimiliki, na maonyo 3 ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli. Siwezi kuiweka chaneli ya miaka rehani kwa karatasi isiyo na jina la wimbo.

Najua mambo haya hutokeaje. Inawezekana mtunzi aliwapa nyinyi wimbo halafu baadaye akaupeleka kwa msambazaji akauandikisha Content ID, au kuna mtu kachukua mdundo uleule akaimba juu yake na kuusajili kama wake. Yote mawili mwenye uwezo wa kuyafuatilia ni nyinyi, nyinyi ndo mna mkataba na mtunzi, mimi hata simjui. Halafu kwenye akaunti yangu kuna kile kisanduku cha kuandika chaneli ili madai yaondolewe yenyewe. Nilikijaza siku ya kwanza kabisa. Mpaka leo kinasema "inashughulikiwa".

Na tukiwa hapohapo, ile klipu ya barabara yenye majani baada ya mvua mliyoiandika 4K. Faili kweli lina 3840 kwa 2160, lakini picha ilipigwa ndogo ikavutwa, nimeikuza kwenye kompyuta kila ukingo wa jani una mstari mweupe kama umechorwa na kalamu. Ukurasa unasema fremu 30 kwa sekunde, faili ni 25, nimeweka kwenye video yangu ya 30 barabara ikawa inarukaruka. Nikaitoa, nikatoka nje mwenyewe na simu nikapiga yangu, na imetoka nzuri kuliko yenu.

Ninachotaka ni hiki. Mtu wenu awasiliane na huyo anayedai aondoe dai kwenye video yangu, maana mimi nimefika mwisho wa njia yangu. Mnitumie leseni mpya yenye jina la wimbo, jina la mtunzi, tarehe niliyodaunlodi na chaneli yangu, na ziwe hivyo kwa nyimbo zote 14 nilizochukua kwenu sio huu mmoja tu, kwa sababu sasa kila nikifungua video ya zamani naangalia kama nayo imedaiwa. Mniambie kwa maandishi pia, kifurushi changu kikiisha, video nilizokwisha kupandisha zinabaki halali au vipi, masharti yenu yanasema sehemu moja ndio na sehemu nyingine hayasemi kitu. Kama dai hamuwezi kuliondoa basi nirudishiwe hela ya mwaka huu, na huo wimbo mtoe neno salama kwenye ukurasa wake leo, kabla mwingine hajaujengea video yake.

Nimeambatanisha barua ya dai, jibu la mgogoro, ile leseni na picha ya lile jani nililokuza. Malipo ya kujirudia nimeshayazima. Video bado nimeiacha hewani na gitaa lake, sijataka kubadilisha muziki, nasubiri kwanza nyinyi.

Mteja wenu wa kifurushi cha mwaka